Jinsi ya Kupima Hamu ya Sigara Inayoamshwa na Macho, Pua na Mikono: Mwongozo Kamili

Mvutaji anaweza kushughulika na kazi yake asubuhi nzima asiikumbuke sigara. Kisha mtu nje ya dirisha anakwaruza kiberiti. Mvutaji hajaona moshi wala hajanusa tumbaku. Amesikia mkwaruzo tu, na mkono tayari umekwenda mfukoni.

Mkwaruzo ule ni kichocheo. Pavlov aliwaonyesha watu jambo hili kwa mbwa wake kule St Petersburg zaidi ya miaka mia moja iliyopita: kitu kisicho na ladha yoyote, kikija kila mara kabla ya chakula, huishia kutoa mate peke yake. Kwa mvutaji, kiberiti, pakiti, kisahani cha majivu na hata kiti cha barazani vimetangulia nikotini maelfu ya mara.

Mwongozo huu ni kwa mwanafunzi wa saikolojia au afya ya jamii, au mhudumu wa afya, anayetaka kupima jambo hilo kwa vifaa vichache na kupata matokeo yanayoaminika. Nimeusimamia utafiti wa namna hii, nimesoma pia tasnifu za wengine, na kosa ninalokutana nalo mara nyingi ni moja. Mwanafunzi anampa mshiriki sigara aishike, anamuuliza ana hamu kiasi gani, mshiriki anasema 70 kati ya 100, na mwanafunzi anaandika: "sigara iliamsha hamu ya 70." Haikuamsha 70. Huenda mtu huyo aliingia mlangoni akiwa na 60 yake. Huenda ungempa penseli angesema 65. Unachokitafuta ni tofauti, na kila hatua utakayosoma hapa chini ipo kwa ajili ya kuilinda tofauti hiyo isichafuliwe.

Hatua ya 1: Swali lako liwe dogo

Usiulize kama vichocheo vinaamsha hamu. Hilo lilishajibiwa. Mwaka 1999 Brian Carter na Stephen Tiffany walikusanya pamoja tafiti 41 za wavutaji wa sigara na watumiaji wa pombe, heroini na kokaini. Hamu inayotajwa kwa mdomo ilipanda, na kwa wavutaji ilipanda sana. Mwilini mabadiliko yalikuwepo pia, ila madogo zaidi: moyo uliongeza mwendo, jasho liliongezeka, joto la ngozi likashuka.

Uliza kitu ambacho hujui jibu lake. Je, harufu ya tumbaku mbichi inaamsha kama picha ya sigara? Je, mtu anayenunua sigara moja moja dukani anaamshwa na pakiti, wakati pakiti yenyewe haishiki mara nyingi? Swali hilo la pili nalipenda, kwa sababu majaribio mengi yaliyoandikwa yanatumia pakiti, na kwa wavutaji wengi wa mitaani kwetu kitu kinachotangulia nikotini ni mkono wa muuza duka na kiberiti cha gesi kilichofungwa kamba dirishani. Kichocheo cha mtu hutoka kwenye maisha yake. Kabla ya kununua chochote, kaa na wavutaji watano au sita, waulize sigara yao ya mwisho ilianzaje, hatua kwa hatua, tangu wazo lilipowajia.

Hatua ya 2: Kibali

Unaamsha hamu ya kitu kinachoua, tena kwa makusudi. Kamati ya maadili itakuuliza kwa nini, na ina haki. Anza na kamati ya chuo au hospitali yako, kisha ufuate utaratibu wa nchi: Tanzania Bara wapo NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba), Kenya wapo NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi inayotoa vibali vya utafiti). Waombe mapema kuliko unavyodhani inahitajika.

Katika maombi andika wazi usiowachukua: walio chini ya miaka 18, wajawazito, na mtu yeyote aliyeacha sigara au anayejaribu kuacha wiki hizi. Hao wa mwisho wana sababu mbili. Ya kwanza ni utu. Ya pili ni ya kisayansi: Gillinder Bedi na wenzake walionyesha mwaka 2011 kwamba kwa wavutaji walioacha, hamu inayoamshwa na vichocheo iliongezeka kadiri siku zilivyosonga, hadi siku ya 35. Ukimchanganya aliyeacha wiki tano zilizopita na anayevuta leo, unapima vitu viwili na kuviita kimoja.

Hatua ya 3: Tafuta maneno kabla ya kutafuta washiriki

Hapa ndipo nitakapokuchelewesha, maana ndipo tafiti nyingi za Kiswahili zinapovunjikia.

"Hamu" ni neno pana. Mtu ana hamu ya kumwona mama yake, ana hamu ya pilau. "Kiu ya sigara" inakaribia zaidi, na wavutaji wengi hulielewa bila maelezo. "Uchu" lina dalili ya ulafi, na mzee anaweza kuona umemtukana. "Arosto" vijana wa mjini wanalijua, lakini limekuja na watumiaji wa unga, na linataja mateso ya kukosa: kichwa kuuma, hasira, mikono kutotulia. Kumbe hayo ni mambo mawili tofauti. Mtu aliyevuta dakika ishirini zilizopita hana arosto yoyote, na bado akiona sigara inawashwa kiu inamjia. Jaribio lako linapima hiyo kiu. Ukiandika "arosto" kwenye dodoso, wengi watakujibu sifuri, na watakuwa wamesema kweli.

Hata kitenzi chenyewe kina kwao. Washiriki waliokulia Kongo watakuambia wana*kunywa* sigara. Dodoso likisema "kuvuta" wataelewa, ila msaidizi wako asicheke wala kuwasahihisha.

Dodoso linalotumika sana duniani kwa kazi hii ni QSU-Brief (dodoso fupi la hamu ya kuvuta), la mwaka 2001, lenye sentensi 10 zilizochaguliwa kutoka dodoso la sentensi 32 ambalo Tiffany na Drobes walilitoa mwaka 1991. Kila sentensi hujibiwa kwa namba 1 hadi 7, kuanzia kukataa kabisa hadi kukubali kabisa. Baadhi ya sentensi zinagusa raha inayotarajiwa, nyingine nafuu inayotarajiwa. Ukilitafsiri, mtu mmoja atafsiri, mwingine asiyeuona mwanzo alirudishe katika lugha lilikotoka, kisha mkae na wavutaji wachache muwasomee sentensi moja moja na kuwauliza: "Hapa umeelewa nini?"

Utaona shida inatokea kwenye sentensi za kukanusha. Mfano ni sentensi ya aina hii: "Hakuna kitu kingenifurahisha sasa hivi kuliko sigara." Kwa Kiswahili mtu akikubaliana na kanusho husema "ndiyo, hakuna," au husema "hapana" akimaanisha hilo hilo. Msaidizi anayejaza kwa niaba ya mshiriki anazungusha 1 mahali pa 7. Dawa ni kuigeuza: "Sasa hivi sigara ingenifurahisha kuliko kitu kingine chochote." Ukigeuza, sema umegeuza. Usilitaje dodoso kwa jina lake la asili kana kwamba halikuguswa.

Pamoja na dodoso, uwe na swali moja tu la haraka: "Sasa hivi, wakati huu, una kiu ya sigara kiasi gani?" Jibu linawekwa kwenye mstari wa milimita 100, mwanzo ukiwa "sina kabisa" na mwisho "kali kuliko zote nilizowahi kupata". Mshiriki anatia alama, wewe unapima kwa rula. Mtu ambaye hakuzoea mistari mpe picha ya glasi ndefu, achore maji yamefika wapi. Kwa mshiriki mmoja usichanganye glasi na mstari.

Na mwache ajaze mwenyewe. Kijana wa miaka 24 aliyetoka kumwamkia mzee shikamoo, kisha akamuuliza kwa sauti ana kiu ya sigara kiasi gani, atapewa jibu la heshima. Kwa wanawake wa mwambao wanaovuta kwa siri jambo hili ni zito zaidi. Karatasi, kalamu, bahasha, nawe ugeukie pembeni.

Hatua ya 4: Washiriki

Tafiti nyingi za nje huchukua wanaovuta sigara 10 au zaidi kwa siku. Ukishikilia namba hiyo hapa, utawakosa wavutaji wengi wa kawaida wanaonunua tatu au nne kwa siku. Mimi huchukua kuanzia 5 kwa siku kwa mwaka mmoja au zaidi, na kuandika idadi kamili ya kila mtu.

Pima utegemezi kwa kipimo cha Fagerström, chenye maswali 6 na alama 0 hadi 10. Swali lake lenye nguvu ni lile linalouliza unachukua muda gani tangu kuamka hadi sigara ya kwanza. Ndani ya dakika 5 ni alama 3, dakika 6 hadi 30 ni alama 2, dakika 31 hadi 60 ni alama 1.

Wengi watakushauri pia upime kaboni monoksaidi kwenye pumzi kuthibitisha kwamba mtu anavuta kweli. Fanya, lakini kwa macho mawili. Nusu ya gesi hiyo hutoka mwilini kwa saa 4 au 5 hivi, kwa hiyo namba ya juu humaanisha mtu ameipata karibuni. Haisemi ameipata wapi. Mama aliyekuja baada ya kupika kwa mkaa chumbani, au kijana anayechoma mishikaki kutwa, ataongeza namba bila kugusa sigara. Uliza habari za jiko kabla ya kumpa mtu mashine. Kipimo cha kotinini (kitu kinachobaki mwili ukishaivunja nikotini) kwenye mate au mkojo hakidanganywi na mkaa, na nusu yake hudumu mwilini kama saa 16, lakini hakitofautishi sigara na ugoro.

Kuhusu idadi: kama kila mtu anapimwa kwa vitu vyote viwili, cha sigara na cha kulinganisha, na unatarajia tofauti ya ukubwa wa kati (nusu ya mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi alama za watu zinavyotawanyika), unahitaji watu 34 ili uwe na nafasi ya asilimia 80 ya kuiona. Tafuta 40, maana wapo watakaochelewa, watakaovuta getini kabla ya kuingia, na watakaopigiwa simu katikati.

Hatua ya 5: Masinia mawili

Andaa masinia mawili, kila moja limefunikwa kwa kawa. La kwanza lina pakiti ya sigara anazovuta mshiriki mwenyewe, sigara moja iliyotolewa, kiberiti na kisahani cha majivu. La pili ni kilinganishi: kila kitu cha sinia la kwanza kina mwenzake wa umbo na shughuli ileile, ila hakina uhusiano na tumbaku. Boksi la penseli, penseli moja iliyotolewa, kichongeo, na kisahani kitupu. Penseli inashikwa kwa vidole vilevile, ina harufu yake ya mbao, na haimkumbushi mtu kuvuta.

Kilinganishi kibaya huua jaribio kimyakimya. Kahawa usiiguse. Nenda kijiwe chochote cha kahawa ukatazame vidole vya wazee. Kijiti cha meno nacho kinafaa kwa macho tu, kwa sababu wapo wanaokitafuna mahali pa sigara. Na ukitaka harufu ya kulinganisha, usichague harufu tamu ukidhani haina upande. Michael Sayette na wenzake mwaka 2019 waliripoti kwamba kunusa harufu ipendezayo kulipunguza hamu ya wavutaji kwa muda. Ukilinganisha tumbaku na iliki, tofauti utakayoipata imevutwa kutoka pande zote mbili. (Karafuu ina kisa chake cha ziada: sigara za kreteki za Indonesia huchanganywa nayo, na sehemu kubwa ya karafuu ya Zanzibar iliwahi kwenda huko kwa kazi hiyo. Kwa baadhi ya watu karafuu *ni* harufu ya sigara.)

Ukitaka kutenganisha milango ya fahamu, vunja sinia vipande vipande:

Macho. Piga picha zako mwenyewe. Mkono wenye sigara kwenye kiti cha plastiki unafanya kazi kuliko picha ya baa ya ughaibuni. Kila picha iwe na pacha wake: mtu yuleyule, mwanga uleule, mkono uleule, kalamu badala ya sigara. Kwa pakiti za Kenya kumbuka zina picha za maonyo, na jicho litaenda huko kwanza. Piga pia mahali patupu. Cynthia Conklin wa Pittsburgh amefanya kazi kubwa kuonyesha kwamba picha ya mahali ambapo mtu huvutia, hata bila sigara ndani yake, huamsha hamu.

Pua. Chupa mbili za kioo zenye vifuniko, moja na tumbaku, nyingine na vumbi la mbao za penseli. Mshiriki anusa akiwa amefumba macho, na baadaye aseme alinusa nini. Asiyeitambua harufu mweke kundi lake.

Masikio. Rekodi kwa simu mkwaruzo wa kiberiti na mlio wa laita, na upande wa pili zipu na kubonyezwa kwa kalamu. Sauti zilingane kwa urefu na kwa nguvu.

Mikono. Kitambaa machoni, sigara upande huu, mrija wa karatasi uliokatwa kwa urefu uleule upande wa pili.

Ulimi na koo naviacha mwisho, na mara nyingi sivifanyi. James Rose na wengine walionyesha kwamba kuvuta sigara iliyoondolewa nikotini kunapunguza hamu kwa muda, yaani ule mguso wa moshi kooni unachochea na kushibisha kwa wakati mmoja. Huwezi kupima kiu kwa kumnywesha mtu maji.

Hatua ya 6: Chumba

Harufu haiondoki kwa amri. Mwaka tulioanza, chumba chetu kilikuwa na dirisha linalotazama barabarani, na kila jioni saa kumi na moja jamaa mmoja aliweka jiko lake la mahindi ya kuchoma chini yake. Washiriki wa jioni wote walikuwa na viwango vya juu vya kuanzia, na kwa wiki mbili nilikuwa nikitunga nadharia ya kupendeza kuhusu uchovu wa mwisho wa siku. Ulikuwa moshi.

Kwa hiyo: chumba kimoja, saa zilezile za siku, feni ikielekea nje, dirisha wazi dakika 15 baina ya vipindi, na sinia la sigara lisikae ndani wakati wa sinia la penseli. Nawa mikono baina ya masinia. Kama wewe mwenyewe unavuta, usivute siku hiyo, au mtafute asiyevuta aendeshe.

Sigara iliyowashwa ni kichocheo kikali kuliko isiyowashwa, lakini sheria za tumbaku, ya Tanzania ya mwaka 2003 na ya Kenya ya mwaka 2007, zinazuia kuvuta katika majengo ya umma, na chuo ni mojawapo. Ukiihitaji, fanyia mahali pa wazi panaporuhusiwa, na basi penseli nayo ichongwe hapohapo nje.

Hatua ya 7: Ratiba ya kipindi kimoja

Nikotini nusu yake hutoka kwenye damu kwa saa 2 hivi, kwa hiyo kiu hupanda yenyewe kadiri kipindi kinavyoendelea. Usipowaweka washiriki wote kwenye mstari mmoja wa kuanzia, saa ya ukutani itajifanya kichocheo. Zipo njia mbili. Ya kwanza ni kuwaambia wasivute tangu usiku, wakae saa 12 nzima bila sigara. Hii inaleta watu wenye kiu tayari ya 90, na kichocheo hakina pa kupandisha. Ya pili, ninayoipendelea, ni kila mmoja avute sigara yake moja akifika, kisha asubiri.

- Dakika 0: ridhaa, pumzi kwenye mashine.
- Dakika 10: anavuta sigara moja nje, mahali panaporuhusiwa.
- Dakika 15 hadi 45: maelezo binafsi, kipimo cha Fagerström, gazeti. Simu zimezimwa.
- Dakika 45: alama ya kwanza ya kiu.
- Dakika 46 hadi 49: sinia la kwanza.
- Dakika 49: alama ya kiu, kisha dodoso refu (zile sentensi 10).
- Dakika 52 hadi 67: mapumziko nje ya chumba, chumba kikipigwa upepo.
- Dakika 67: alama ya kiu tena.
- Dakika 68 hadi 71: sinia la pili.
- Dakika 71: alama ya kiu, dodoso refu.

Maagizo ya sinia yarekodi kwa sauti moja, yawe yaleyale kwa masinia yote mawili: "Ondoa kawa. Tazama vilivyomo. Sasa chukua kimoja ukishike kama unavyokishika siku zote. Kisogeze karibu na pua. Kirudishe." Ukisema mwenyewe, sauti yako italegea kwenye penseli na kukaza kwenye sigara, hata ukijizuia.

Mwezi wa Ramadhani usiendeshe jaribio hili kwa washiriki waliofunga, isipokuwa kama Ramadhani ndiyo swali lako.

Hatua ya 8: Lipi litangulie?

Ukitanguliza penseli kwa wote, sigara itafaidika na muda uliopita. Ukitanguliza sigara kwa wote, kiu yake itamwagikia kwenye penseli. Gawa watu nusu kwa nusu, na mgawanyo upangwe kabla hujaona sura ya mtu. Kwa sarafu ni sawa, kwa bahasha zilizofungwa ni bora zaidi.

Kisha tazama alama ya dakika ya 67 kwa walioanza na sigara. Ikiwa bado iko juu sana kuliko ya dakika ya 45, mapumziko ya dakika 15 hayatoshi. Kwa jaribio la harufu mimi nimeacha kabisa kufanya yote siku moja. Siku mbili tofauti, saa ileile. Ni gharama ya nauli mara mbili, na ninailipa.

Hatua ya 9: Chunga unachowaambia kuhusu sigara ijayo

Hili watu hulisahau, na lina nguvu kuliko vichocheo vingi. Reuven Dar na wenzake waliwafuatilia wahudumu wa ndege wa Israeli wanaovuta sigara, katika safari fupi za saa 3 hadi 5 hivi na ndefu za saa 10 hadi 13. Kiu ilipanda kuelekea mwisho wa safari, iwe fupi au ndefu, na mwisho wa safari fupi ilizidi ile ya katikati ya safari ndefu baada ya saa zilezile bila sigara. Haikuwa hesabu ya nikotini peke yake. Ndege ilikuwa inakaribia kutua.

Mshiriki wako naye anajua ndege yake inatua lini. Kama mlinzi wa mlangoni atamwambia mmoja "mkitoka tu mnavuta," na mwingine akaambiwa kuna semina baadaye, umepima mlinzi. Andika sentensi moja, wote waisikie mwanzoni: "Baada ya sigara moja ya mwanzo hutavuta tena mpaka kipindi kiishe, na kitaisha baada ya saa moja na robo." Isitajwe tena.

Hatua ya 10: Mwili, kama una vifaa

Kipima mapigo cha kidoleni kinatosha kuanzia. Kipima jasho la vidole ni kizuri ila hakipendi joto la Dar es Salaam mwezi Februari: mshiriki aliyeingia akitokwa jasho hana pa kupandia. Mpe dakika 20 za kupoa.

Kumbuka kwamba kunyoosha mkono, kushika na kusogeza pua huongeza mapigo hata kama kilichoshikwa ni penseli. Linganisha sinia na sinia, kamwe usilinganishe sinia na kukaa kimya. Na mwili ukikaa kimya wakati mdomo unasema kiu imepanda, usimtuhumu mshiriki uongo. Mapigo ya moyo hupanda kwa mambo mia. Kwa swali la kiu, ushahidi wa kwanza ni kauli ya mwenye kiu.

Kipimo kingine cha bei ndogo ni saa ya mkononi: baada ya kipindi kuisha, anakaa muda gani kabla ya kuwasha?

Hatua ya 11: Hesabu

Tuchukue mshiriki mmoja wa mfano. Alama ya dakika ya 45 ni 30. Baada ya penseli 34. Baada ya mapumziko 41. Baada ya sigara 68.

Mwenye haraka atatoa 34 kwenye 68 na kupata 34. Lakini penseli ilimpandisha kutoka 30 hadi 34, yaani 4. Sigara ilimpandisha kutoka 41 hadi 68, yaani 27. Nguvu ya kichocheo ni 27 toa 4: 23. Zile 11 zilizopotea ni mali ya saa, si ya sigara. Hii ndiyo sababu nilisisitiza alama ya dakika ya 67, ambayo wanafunzi hupenda kuiruka kwa kuona inachosha.

Fanya hivyo kwa kila mtu, kisha jaribio la t la jozi (hesabu inayoonyesha kama tofauti ya jozi za namba inazidi bahati tu) kwenye zile namba mbili. Hata programu ya jedwali la kawaida inaliweza. Linganisha pia walioanza na penseli na walioanza na sigara. Walioanza na alama ya juu ya 85 waandike pembeni na urudie hesabu bila wao, uone kama picha inabadilika.

Usiishie kwenye wastani. Chora mstari wa kila mtu. Wapo watakaopanda kama moto wa makuti na wapo watakaokaa palepale mwanzo hadi mwisho, na wastani utakuambia habari za mtu wa katikati ambaye hayupo.

Ukitoka nje ya chumba

Sinia chini ya kawa si kijiwe. Ukiwa na bajeti ya ujumbe wa simu, watumie washiriki maswali matatu mara nne au tano kwa siku, kwa nyakati zisizotabirika, kwa wiki moja: kiu yako sasa ni ngapi, 0 hadi 10? Uko wapi? Kuna mtu anavuta unapoweza kumwona au kumnusa? Majibu yawe namba tupu ili hata simu ya kitochi iweze. Ulipie ujumbe wao wewe. Namba za chumbani na za mitaani zikikubaliana, una jambo la kusimama nalo mbele ya jopo. Zikikataa, una tasnifu nyingine.

Hatua ya 12: Kumtoa mshiriki

Usimlipe kwa sigara. Mpe nauli na posho uliyoitaja kwenye karatasi ya ridhaa, hata kama aliacha katikati.

Kabla hajaondoka, mkalishe dakika kumi na maji na mazungumzo ya kawaida, kisha chukua alama ya mwisho ya kiu. Wengi watakuwa wameshuka. Kwa ambaye hajashuka, endelea kukaa naye. Mweleze ulichokuwa ukikitafuta, na kwa nini penseli ilikuwepo. Wengi hucheka hapo. Kisha uliza mara moja, bila hotuba: "Umewahi kufikiria kuacha?" Anayesema ndiyo mpe karatasi yenye jina la kliniki iliyo karibu na kwake, ambayo ulishaitembelea wewe mwenyewe ukahakikisha kuna mtu wa kumpokea.

Sinia la sigara liondoke chumbani kabla yake. Majivu yamwagwe nje, si kwenye pipa la ndani. Mshiriki anayefuata anaingia baada ya robo saa.